Sura ya Saba: Jicho la Pili

Katika kata ya Mbuba, wilayani Ngara, mtu hazeekei kwenye makao ya wazee. Anazeekea kwake, au kwa mwanawe, au kwa mjukuu aliyebaki kijijini wenzake walipoondoka kutafuta maisha Kahama, Geita au Mwanza. Makazi ya wazee ya serikali mkoani Kagera yako Kilima, upande wa Bukoba, mbali na milima ya Ngara. Kwa hiyo habari za wazee kupigwa au kuachwa na njaa ndani ya makao, zinapotangazwa redioni, husikika Mbuba na Biharamulo kama habari za watu wengine, wenye desturi nyingine. Sura hii inadai kwamba habari hizo ni zetu pia. Mazingira yanayozaa ukatili ndani ya jengo lenye vitanda arobaini ndiyo yanayouzaa katika chumba kimoja nyuma ya migomba. Mzee anafika mahali ambapo chakula, maji, dawa, choo na fedha zake vyote viko mikononi mwa mtu mmoja, na hakuna mtu wa pili mwenye haki na mazoea ya kuingia, kutazama na kuuliza. Mambo hayo mawili yakikutana, hatari imeshaingia ndani, hata kama anayemtunza mzee ni mtu mwema. Nitatoa ushahidi wa dai hilo, nieleze dalili za kutazama, nijibu pingamizi ambazo msomaji mwenye busara atakuwa nazo, kisha niseme la kufanya.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Azimio la Toronto la mwaka 2002, ambalo Shirika la Afya Duniani linalitumia hadi leo, linahesabu kuwa ukatili kwa mzee kitendo chochote, au kutotenda linalopasa, ndani ya uhusiano ambao mzee ana haki ya kuuamini, kunakomletea madhara au dhiki. Mambo mawili humo yana uzito. La kwanza ni uaminifu. Mwizi anayempora bibi njiani ametenda kosa la jinai, lakini mkwe anayechukua fedha za bibi huyohuyo kila mwezi na kumwachia chumvi tu anafanya jambo la namna nyingine, kwa sababu bibi hawezi kumkimbia anayempikia. La pili ni kutotenda. Kumwacha mzee kwenye shuka lenye mkojo hadi mchana, kutomgeuza kitandani, au kumnyima maji ili asiombe kupelekwa chooni ni ukatili ulio sawa na kofi, hata kama aliyefanya hivyo hakuinua mkono. Makofi, matusi, kumshikashika mzee kwa nia ya ngono, wizi wa mali yake, kumtelekeza na kumtuhumu uchawi vyote vimo katika maana hiyo.

Ushahidi wa makao ya wazee ulimwenguni ni mwingi, na unashangaza zaidi pale unapotoka kwa watumishi wenyewe. Mwaka 1989 Karl Pillemer na David Moore walichapisha utafiti wao juu ya watumishi 577 wa makao ya wazee katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Asilimia 36 walisema kwamba ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameona mzee akipigwa, akisukumwa au akifungwa isivyostahili. Asilimia 10 walikiri kwamba wao wenyewe walifanya hivyo, na asilimia 40 walikiri kumtukana au kumdhalilisha mzee. Karibu miaka thelathini baadaye, Shirika la Afya Duniani lilipokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali, lilikuta kwamba watumishi wawili kati ya watatu walikiri kumtendea mzee ukatili wa aina fulani katika mwaka uliotangulia. Kwa wazee wanaoishi majumbani, mmoja kati ya sita alikuwa amepatwa na hayo. Watu hao wawili kati ya watatu si wanyama. Pillemer na Moore walikuta kwamba mambo yaliyoambatana zaidi na ukatili ni uchovu wa kazi uliofikia kikomo na ugomvi wa kila siku kati ya mtumishi na mzee. Ni watu wa kawaida, wengine wenye huruma, waliowekwa peke yao na mtu dhaifu, usiku, bila anayeingia kuuliza hali.

Sasa tuyatazame makazi yetu. Nchini Tanzania baadhi ya makazi ya serikali, kama Bukumbi mkoani Mwanza na Kolandoto mkoani Shinyanga, yana historia ya kuwapokea watu waliougua ukoma, yaani watu ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwatenga. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kwamba mzee atatunzwa na familia na jamii, na makazi yatakuwa hatua ya mwisho kwa asiye na mtu. Ni sera yenye hekima, lakini ina matokeo ambayo hatuyazungumzi. Ikiwa wanaopelekwa Kilima au Kolandoto ni wale tu wasio na mtoto, wasio na ndugu, waliokimbia tuhuma za uchawi au waliotenganishwa na jamaa zao na vita na uhamisho wa mipakani, basi makazi hayo yamejaa watu ambao hakuna atakayefika Jumapili kuwaona. Mfikirie mzee wa Mbuba aliyezoea Kihangaza maisha yake yote, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akihamishiwa mahali ambapo majirani wanazungumza Kihaya. Hata akitendewa vibaya, amweleze nani, na kwa maneno gani? Mtu wa namna hiyo anahitaji jicho la pili kuliko mtu yeyote, na ndiye asiye nalo.

Pingamizi la kwanza hujitokeza hapa, tena kwa sauti kubwa. Watu husema kwamba mambo hayo ni ya Ulaya na Marekani, ambako wazazi hupelekwa kwenye makao ili watoto wapumzike, na kwamba Mwafrika humheshimu mzee. Wanakumbusha kwamba penye wazee haliharibiki neno. Heshima hiyo ipo, na ni mali yetu ya thamani. Lakini heshima ya jumla kwa wazee haijamlinda mzee mmoja mmoja. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu wanawake wazee 2,585 waliouawa katika mikoa minane ya Tanzania Bara ndani ya miaka mitano hivi, kuanzia 2004 hadi 2009, wengi wao kwa tuhuma za uchawi. Mwanauchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, iliyokuwa wakati huo ndani ya mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yaliongezeka takriban mara mbili, wakati mauaji mengine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa kwa kawaida walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliohusika walikuwa jamaa zao. Chakula kilipopungua, mdomo usiozalisha ulianza kuonekana kuwa mzigo, na tuhuma ikatoa sababu. Yaliyotokea Meatu yanaonyesha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba jamii inayowaenzi wazee katika methali inaweza kumwacha bibi mmoja afe ndani ya ua wake.

Kagera ina sababu zake za kulitazama jambo hili kwa makini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walionekana mkoani humu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kizazi cha katikati kilipukutika. Bibi na babu walibaki na wajukuu, bila mtoto wa kuwashika mkono wakati wao utakapofika. Wajukuu hao leo ni watu wazima, na wengi wameondoka. Katika kaya ya namna hiyo, mzee aliyelea hana tena kundi la watoto watano wanaochungana wenyewe kwa wenyewe, huyu akileta sukari, yule akiuliza mbona mama amekonda. Ana mjukuu mmoja, au mke wa mjukuu, au msichana wa kazi anayelipwa kwa simu na mtu aliye mjini. Zamani jicho la pili lilikuwepo bila kupangwa, kwa sababu ua ulikuwa na watu. Halipo tena, na hatujaweka jingine mahali pake.

Dalili za ukatili hujifunzwa, na mtu akishazijua hazimponyoki. Tuanze na mwili. Mwaka 2005 daktari Laura Mosqueda na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 101, siku baada ya siku, ili wajue alama za kuvilia damu zinazotokana na ajali za kawaida hukaa wapi. Karibu asilimia 90 zilikuwa mikononi na miguuni. Hakuna hata moja iliyoonekana shingoni, masikioni, matakoni, sehemu za siri wala nyayoni. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2009, ukiwahusu wazee waliothibitika kupigwa, ulikuta alama kubwa zaidi, wengi wa waliokuwa na alama wakiwa na angalau moja yenye upana wa sentimita tano au zaidi, nazo zilionekana zaidi usoni, mkononi na mgongoni. Kwa hiyo mzee mwenye alama kwenye muundi anaweza kuwa amejigonga kwenye kigoda. Mwenye alama nyuma ya sikio, au alama za vidole pande zote mbili za mkono wa juu, kuna uwezekano mkubwa kwamba alishikwa au alipigwa. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo anayetazama aguse pia, atafute uvimbe, joto na mahali mzee anaposhtuka kwa maumivu. Tena asihukumu umri wa alama kwa rangi yake, kwa maana utafiti huohuo wa 2005 ulionyesha kwamba rangi haisemi ukweli kuhusu siku.

Kutelekezwa nako kuna maandishi yake mwilini. Vidonda vya kulalia hutokea pale mfupa unapobana nyama dhidi ya godoro au mkeka kwa saa nyingi bila mtu kugeuzwa, hasa kwenye kiuno, makalio na visigino. Kidonda kimoja kinaweza kumpata hata mzee anayetunzwa vizuri sana. Vidonda kadhaa, vyenye kina na harufu, ambavyo havijafika zahanati, vinaeleza kwamba hakuna aliyemgeuza wala kumwosha kwa siku nyingi. Tazama midomo iliyopasuka kwa kiu, kucha zilizopinda, nguo ileile ya wiki iliyopita, macho yaliyojaa tongo, na mwili uliopungua wakati wengine nyumbani hawajapungua. Tazama pia usingizi. Mzee aliyekuwa akipiga soga akawa analala mchana kutwa tangu alipobadilishiwa mtunzaji huenda anapewa vidonge vya kumnyamazisha. Na masimulizi nayo hutazamwa: kama mtunzaji anasema alianguka asubuhi, mtoto akasema alianguka jana, na kidonda kinaonyesha siku nyingi zaidi, mtu mmoja hasemi kweli.

Mwenendo na fedha husema kabla ya mwili. Mzee anayenyamaza mtu fulani anapoingia, au anayejibu kila swali huku akimtazama mwingine kwanza, anaonyesha jambo. Vivyo hivyo mtunzaji asiyemwachia mgeni hata dakika tano za faragha na mzee. Vijijini, fedha za mzee hupita katika njia chache zinazojulikana: ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, fedha za simu kutoka kwa mtoto aliye mjini, mauzo ya kahawa na maharage, na ardhi. Uliza laini ya simu iko mikononi mwa nani na namba ya siri anaijua nani. Uliza nani anasaini kwa niaba yake siku ya malipo. Karatasi ya kuuza shamba yenye alama ya dole gumba la mtu asiyeona vizuri, iliyoandikwa bila jirani wala mjumbe wa serikali ya kijiji kushuhudia, ichukuliwe kuwa dalili hadi ithibitike vingine. Tuhuma za uchawi nazo zina mahali hapa. Mara nyingi maneno juu ya bibi huanza baada ya mtu kulitamani shamba lake, na macho mekundu ya miaka hamsini ya moshi wa mafiga hugeuzwa kuwa ushahidi. Mnong'ono ukianza, usisubiri upate mguu.

Ndani ya makao yenyewe, anayetembelea atazame mambo ambayo uongozi hauwezi kuyapanga kwa siku moja. Je, wageni hupokelewa ofisini tu, au huruhusiwa kwenda hadi vitandani? Je, wazee hulala saa kumi na moja jioni kwa sababu wana usingizi, au kwa sababu zamu inabadilika? Kuna kufuli upande wa nje wa mlango? Mtumishi humwita mzee kwa jina lake na kumwamkia shikamoo, au humwita kama mtoto? Chakula kinachogawiwa ni kile kilichoandikwa ukutani? Mzee akitaka kulalamika, anampelekea nani malalamiko yake, zaidi ya yuleyule anayemlalamikia? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine yote. Tume ya Kifalme iliyoundwa Australia mwaka 2018 kuchunguza makao ya wazee iliipa ripoti yake ya awali ya 2019 jina lenye neno moja tu, linalomaanisha kutelekeza, na ripoti ya mwisho ya 2021 ilitoa mapendekezo 148. Nchi hiyo ina fedha, wauguzi na sheria zaidi yetu. Hata hivyo vitu hivyo havikutosha kuwalinda wazee wake.

Pingamizi la pili hutoka kwa watunzaji, nalo si la kupuuzwa. Wanasema kwamba wazee husahau, huota, na husingizia. Leo bibi atamwambia jirani kwamba hajala, na sufuria bado iko jikoni ina joto. Ni kweli kwamba ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huleta maneno ya namna hiyo, na mtunzaji mwema anaweza kuumizwa sana nayo. Lakini utafiti ule wa 2009 ulikuta kwamba zaidi ya tisa katika kila wazee kumi waliopigwa na kubaki na alama waliweza kueleza alama zile zilitokana na nini, na miongoni mwao walikuwamo wengi wenye matatizo ya kumbukumbu. Anayesahau alichokula asubuhi anaweza kukumbuka vizuri sana nani alimsukuma. Kwa hiyo tusiyatumie maradhi yake kumnyima usikivu. Tusikilize, kisha tulinganishe: mwili unasemaje, uzito unasemaje, neno hilo linarudiwa kwa mtu mwingine siku nyingine? Jicho la pili linamlinda mtunzaji mwaminifu pia. Akisingiziwa, yuko shahidi anayeingia humo kila wiki na kuona kwamba mzee ni msafi na ameshiba.

Pingamizi la tatu linasema kwamba tatizo ni umaskini. Mke wa mjukuu anayeteka maji, anayelima, mwenye watoto wanne na mkwe asiyeinuka, hana nguvu za kumwosha mtu mara tatu kwa siku, na kumwita mkatili ni kumwongezea mzigo. Hoja hii ina ukweli mwingi, na matokeo ya Meatu yanaiunga mkono. Ushahidi wa Kagera unaiunga mkono pia. Shirika la Kwa Wazee lilianza kazi Nshamba, wilayani Muleba, mwaka 2003, likiwapa pensheni ndogo ya kila mwezi bibi na babu waliokuwa wakilea yatima. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la vitu vya kawaida kabisa, chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoanza kununuliwa. Milo iliboreka na wasiwasi ukapungua. Zanzibar ilipoanza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, ilikuwa inamfanya mzee awe mtu anayeingiza kitu nyumbani, na mtu wa namna hiyo huhojiwa kwa adabu zaidi. Kwa hiyo umaskini upunguzwe, na mtunzaji asaidiwe, apumzishwe, ashukuriwe. Lakini hoja inakoma hapo. Majirani wengi wa huyo mama ni maskini kama yeye na hawampigi mtu. Tena, ukatili wa New Hampshire haukutendwa na watu wasio na maji ya bomba. Umaskini huongeza shinikizo, na upweke wa mtunzaji na mzee huondoa kizuizi. Tukipambana na shinikizo peke yake, kizuizi kitabaki kimeondoka. Fedha nazo, bila jicho, huishia mikononi mwa yuleyule tuliyemhofia.

Pingamizi la nne ni la siri. Nyumba husitiri mambo, na mtu anayeuliza habari za ndani ya ua wa mwenzake huitwa mmbeya. Stara ni jambo jema pale inapomfunika mnyonge. Inapomfunika anayemtesa, imegeuzwa kazi yake. Tayari tumekubali kwa watoto kwamba kipigo si siri ya familia, na hakuna mwalimu anayelaumiwa leo kwa kumuuliza mwanafunzi kuhusu majeraha. Mzee ana haki hiyohiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee. Itifaki ya Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa mwezi Januari 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, inataka wazee walindwe dhidi ya ukatili, pamoja na ule wa tuhuma za uchawi. Asiyeuliza kwa jina la stara anamwacha mzee peke yake na aliyemuumiza.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote, na ndilo hutufunga midomo hata tunapokuwa tumeona. Nikitoa taarifa, mtunzaji atakamatwa, na mzee atabaki na nani? Mzee mwenyewe mara nyingi hukataa kusema kwa sababu hiyohiyo. Anapiga hesabu na kuona kwamba kofi na uji ni afadhali kuliko kukosa vyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila matukio 24 ya ukatili kwa wazee ni moja tu linalotolewa taarifa, na hofu hii ni sababu kubwa. Jibu lake ni kwamba kuitikia ukatili kuna ngazi, na anayeanza na ngazi ya juu huwatisha wote. Kwanza, zungumza na mzee faragha, kwa lugha anayoijua, umuulize anataka nini kibadilike. Wengi hawataki mjukuu wao afungwe. Wanataka asiwapige tena, au laini yao ya simu irudishwe. Kama kisa ni uchovu na kutojua, msaada wa kupokezana, mafunzo ya kumgeuza mgonjwa kutoka kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kikao cha ukoo chenye makubaliano yaliyoandikwa vinaweza kutosha, mradi mtu atajwe wa kufuatilia kila wiki. Kama ni mali, peleka kwa mtendaji wa kijiji na baraza la wazee, na zuia mauzo ya ardhi hadi yachunguzwe.

Lakini yapo mambo yasiyo na suluhu ya kikao. Kipigo chenye majeraha, ubakaji, kumnyima mzee chakula kwa makusudi, na vitisho vya kumuua kwa tuhuma za uchawi ni jinai, na kikao cha ukoo kinachoyamaliza kwa mbuzi mmoja kinashiriki katika kosa. Hapo mzee afikishwe kwenye matibabu mara moja, fomu ya PF3 ichukuliwe polisi, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Jina la Dawati lisikudanganye. Bibi aliyepigwa anastahili kusikilizwa hapo. Andika uliyoyaona kwa tarehe, eleza alama zilipo na ukubwa wake, weka maneno ya mzee kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Usimhoji mtuhumiwa mwenyewe kwa ukali kisha ukaenda zako, kwa sababu usiku utakaofuata mzee atabaki naye. Na kama tukio ni la ndani ya makao, taarifa iruke ofisi ya kituo na ifike nje: kwa ustawi wa jamii, polisi, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Hatua hizo ni za baada ya madhara. Ulinzi wenyewe ni ratiba. Marekani ilianza mwaka 1972 majaribio ya kuweka watetezi huru wanaoingia katika makao ya wazee na kusikiliza malalamiko, na mwaka 1978 sheria ikalazimisha kila jimbo liwe na mpango huo. Wengi wa wanaotembelea ni wananchi wa kujitolea. Zanzibar ilitunga sheria yake ya wazee mwaka 2020, wakati Bara ilikuwa bado inategemea sera ya 2003 bila sheria mahsusi. Bara nayo inahitaji sheria ya namna hiyo, na iwe na kifungu kinachompa mtu wa nje ya kituo haki ya kuingia bila taarifa. Hata hivyo Mbuba haina haja ya kusubiri Bunge. Wilayani Magu, shirika la MAPERECE lilitumia watu waliokuwapo tayari, wakiwamo sungusungu na waganga wa jadi, pamoja na majiko yanayopunguza moshi, kuwalinda bibi dhidi ya tuhuma. Mbuba ina baraza la wazee, mabalozi wa nyumba kumi, jumuiya ndogondogo za makanisa, misikiti, vikundi vya kuzikana na wahudumu wa afya wanaopita kaya kwa kaya. Wote hao tayari hukutana mara kwa mara. Kinachokosekana ni orodha ya wazee wasioweza kujitegemea, majina mawili ya wageni kwa kila mzee, angalau mmoja asiwe wa ukoo wake, na siku ya kwenda. Wageni hao waingie hadi anapolala, wamwone peke yake, watazame kiuno na visigino, waulize ya fedha, na warudi na taarifa kwa mtu mmoja anayejulikana. Kwa walioko Kilima, kata walikotoka iendelee kuwahesabu: awepo mtu wa kupiga simu kwa lugha yao kila mwezi, na ujumbe wa kwenda kuwaona walau mara moja kwa mwaka.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania takriban milioni 3.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, sawa na asilimia 5.7 ya wananchi wote. Idadi hiyo itakua, na watoto wa kuwatunza watazidi kutawanyika. Hatuwezi kuhakikisha kwamba kila mtunzaji atakuwa na moyo mwema siku zote, kwa maana hata mwenye moyo mwema huchoka. Tunaweza kuhakikisha kwamba hakuna mzee anayebaki na mtu mmoja tu. Kwa hiyo ewe msomaji, mtaje mzee mmoja wa karibu nawe ambaye hujui ndani kwake kukoje. Nenda wiki hii. Mwamkie, keti naye peke yake, muulize, na urudi tena wiki ijayo.